Leseni ya Masaji Haivuki Mpaka wa Jimbo

SWALI: Nina leseni ya masaji ya Texas. Mume wangu amepata kazi New York, nasi tunahama. Je, nikifika naweza kuendelea kukanda wateja?
Msomaji, Houston

JIBU: Hapana, dada, usimguse mteja hata mmoja kwa malipo kabla ya kupata leseni ya New York. Marekani, leseni hii hutolewa na jimbo, si serikali kuu. Texas inadai saa 500 za mafunzo. New York inadai 1,000. Pengo hilo ndilo litakalokusumbua, kwa hiyo kiombe chuo chako nakala rasmi ya masomo mapema, na uulize ni saa zipi zitakubaliwa.

Usidanganywe na rafiki muuguzi anayekuambia leseni yake huvuka mpaka, maana hilo halikuhusu wewe. Wauguzi wana mkataba wao unaoruhusu leseni moja kutumika katika majimbo mengi, ingawa New York yenyewe haimo.

Wengi wetu hukanda nyumbani kimyakimya, wakidhani adhabu ni faini ndogo. New York, kufanya kazi hii bila leseni ni kosa kubwa la jinai, na kwa mhamiaji asiye raia laweza kuathiri hata ukaaji wake. Andikia Idara ya Elimu ya New York, inayotoa leseni hizo, kabla hujafunga mizigo.