Kunyonyesha na Kushika Mimba



Ndugu mmoja wa darasa letu ametuletea suala ambalo twaona lawahusu wengi katika miji yetu ya Mwambao, naye ameturuhusu kulijibu hapa bila ya kumtaja. Mkewe ana mtoto wa miezi 9, amnyonyesha usiku na mchana, wala hajapata kuona damu ya mwezi tangu kutoka nifasi. Sasa imedhihiri kuwa ni mja mzito. Wazee wa nyumbani wamesema mtoto amebemendwa, na kwamba lazima alikizwe leo hii, kwani maziwa ya mamake yamekwisha kuwa sumu. Naye ndugu yetu alikuwa amesikia katika waadhi mmoja kuwa mke mwenye kunyonyesha miaka miwili iliyotajwa katika Qur'ani hashiki mimba muda wote huo. Auliza: ikiwa hiyo ni ahadi ya Mwenyezi Mungu, imekuwaje?

Twamwambia ndugu yetu: ahadi hiyo haipo. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja muda wa miaka miwili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha. Imemwajibisha baba chakula na mavazi ya mama kwa wema. Imekataza mama au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Na imeruhusu kulikiza kabla ya muda huo wazazi wawili wakiridhiana na kushauriana. Mimba haikutajwa humo hata kwa ishara. Ile ni haki ya mtoto. Aliyeifanya kuwa kinga ya mama ameongeza la kwake, na ubaya wa kuongeza ni huu tuuonao: neno lisipotimia, msikilizaji huitilia shaka aya badala ya kumtilia shaka msemaji.

Lakini neno lenyewe lina asili, wala hatutaki kulitupa lote. Kwamba kunyonyesha huzuia hedhi ni jambo walilolijua Waislamu wa kwanza. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Habban, aliyekuwa na wake wawili, mmoja wa Bani Hashim na mmoja wa Ansari. Alimwacha yule wa Ansari hali ya kuwa anyonyesha. Ukapita mwaka, Habban akafa, na mwanamke yule alikuwa bado hajaona hedhi. Akadai mirathi yake, kwa kuwa eda yake haijesha. Kesi ikafika kwa Sayyidna Uthman, naye akampa mirathi. Na yule mke mwenziwe alipomlaumu, akamjibu kuwa hukumu hii ilitokana na shauri la binamu yake mwenyewe, yaani Sayyidna Ali. Basi mabwana wale hawakumwambia mwanamke kuwa ni mgonjwa wala kuwa ni mwongo. Walijua kuwa ziwa laweza kuizuia damu mwaka mzima.

Na matabibu wa zama zetu wameeleza sababu yake. Mtoto anyonyapo, habari ya kunyonya kwake hufika katika ubongo wa mama, na ubongo ukapunguza homoni zile zenye kuyaamuru mayai ya uzazi yapevuke. Yai lisipopevuka hapana hedhi wala mimba. Kila mtoto anyonyapo mara nyingi, na hasa usiku, amri hiyo huzidi kudhoofika. Na anapoanza kupewa uji, maziwa ya kopo, au chuchu ya mpira ya kumnyamazisha, hunyonya kidogo, na mayai hurudi kupevuka.

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, katika nchi ya Italia, wakaafikiana kuwa kunyonyesha humkinga mama na mimba kwa kiasi cha 98 katika kila 100, lakini kwa masharti matatu yaliyokusanyika pamoja. La kwanza, mtoto awe hajapita miezi 6. La pili, awe anyonya tu, au karibu na hivyo, asikae na njaa kwa saa nyingi mchana wala usiku. La tatu, mama awe hajaona hedhi. Likiondoka moja katika hayo, kinga haitegemewi tena. Damu ya kabla ya siku 56 baada ya kuzaa hawaihesabu kwa mwenye kunyonyesha kikamilifu. Na msomaji wa fiqhi ya Imamu Shafii hatalistaajabia hilo, kwani kwetu nifasi aghalabu ni siku 40 na ukomo wake ni 60. Ama ile tende ya tahniki anayoonjeshwa mtoto siku ya kuzaliwa, hiyo haivunji sharti.

Sasa twaweza kuona kilichompata mke wa ndugu yetu. Mtoto wake amepita miezi 6, na bila shaka ameanza kula, kama impasavyo. Sharti mbili zimeondoka, ikabakia ile ya hedhi peke yake, nayo peke yake haitoshi. Kwa nini? Kwa kuwa yai hupevuka kwanza, na damu huja baadaye kiasi cha wiki mbili. Mwanamke aweza kushika mimba kwa yai la kwanza kabisa, asione hedhi hata mara moja baina ya mtoto na mtoto. Wanawake wetu wengi hutegemea neno "sijaona kitu", na neno hilo baada ya miezi 6 halina dhamana.

Basi mwenye kutaka kupumzika baina ya mimba na mimba naatafute njia nyengine kabla ya miezi 6 kutimia, si baada yake. Naye amwambie tabibu kuwa anyonyesha, kwani viko vidonge vimfaavyo na viko vyenye kuweza kupunguza maziwa. Wala asiseme mtu kuwa jambo hili ni bidaa. Jabir amepokea, katika Bukhari na Muslim, kuwa Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mume kumwaga nje, zama Qur'ani ikiteremka. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 huko Kuwait, Desemba 1988, lilijuzisha kuzuia mimba kwa muda ili kutenganisha uzazi, pakiwa na haja ya kisheria, kwa mashauri na ridhaa ya mume na mke, pasiwe na madhara wala kuishambulia mimba iliyokwisha kusimama. Kukata kizazi kabisa bila ya dharura ni jambo jengine, nalo limekatazwa.

Limebaki la kubemenda, nalo ndilo tuliogopalo zaidi, kwani linamhusu mtoto aliye hai leo. Katika Sahihi Muslim, Judama bint Wahb amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikaribia kuikataza ghila, kisha akawatazama Warumi na Wafursi, akaona waifanya wala haiwadhuru watoto wao. Ghila wengine wameifasiri kuwa ni mume kumwingilia mkewe anayenyonyesha, na wengine kuwa ni mama kunyonyesha naye ana mimba. Iko pia hadithi ya Asma bint Yazid kwa Abu Daud yenye kutahadharisha, na wanavyuoni walioipatanisha na hii wamesema ni ya kuhimiza hadhari, si ya kuharamisha. Tazama Mtume alivyofanya: hakuhukumu kwa khofu, alitazama hali za watu.

Nasi tukitazama, twaona wazee wetu hawakuzua. Ni kweli watoto hudhoofika mama ashikapo mimba ya karibu. Lakini kinachowadhoofisha ni nini? Dokta Cicely Williams, aliyetibu watoto Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliuandika mwaka 1935 ugonjwa wa kwashiakoo kwa jina lake la lugha ya Kiga, lenye maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondoshwa mahali pake na mdogo wake. Mtoto huvuliwa ziwa ghafula, akapewa uji mtupu wa mahindi au muhogo, akavimba miguu na nywele zikabadilika rangi. Sumu haikuwa katika ziwa. Kulikizwa ndiko kulikomdhuru, na dawa tunayoitoa nyumbani ndiyo hiyo hiyo ya kumlikiza!

Basi mke wa ndugu yetu aendelee kunyonyesha maadamu yu mzima na mimba yake haina matatizo. Na ikiwa alipata kuharibu mimba, au kuzaa kabla ya siku, au akiona damu, amwendee tabibu upesi amwongoze. Maziwa yatapungua na ladha itabadilika, kwa hivyo mtoto azidishiwe samaki, mayai, kunde na matunda. Atakapotaka kumlikiza, iwe kidogo kidogo, na shauri liwe la wazazi wawili. Bibi na shangazi watasikilizwa kwa heshima, lakini aya haikuwapa wao uamuzi. Na ndugu yetu mwenyewe ajue kuwa mama huyu sasa ala kwa ajili ya watu watatu. Ile riziki ya wema iliyo katika aya ni juu yake yeye, aitoe kabla ya kuombwa.

Suala lake la pili, juu ya mtoto kunyonyeshwa na jirani na hukumu ya udugu wa ziwa, tutalijibu katika toleo lijalo, inshaallah.