Mbwa Mkubwa wa Ulinzi Hufunzwa Akiwa Mdogo

Boerboel ni mbwa wa asili ya Afrika Kusini, aliyezalishwa kulinda mashamba. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 70. Hapa Kenya pia anafugwa, na baadhi ya wanaomnunua humfungia kwenye kibanda tangu siku ya kwanza, wakiamini kwamba asipozoea watu atakuwa mkali.

Kinachokua humo kibandani ni mbwa mwoga. Ukali wa woga hauchagui: humuuma mtoto wa jirani aliyefuata mpira sawa na mwizi. Mbwa anayejua mambo ya kawaida ya boma ndiye hutambua lisilo la kawaida.

Kipindi cha kumzoesha ni kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14. Kwa kuwa hafai kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki 8, mnunuzi hubaki na kama wiki sita tu. Katika muda huo aonyeshwe watoto, wazee wenye bakora, mtu mwenye mwavuli, bodaboda inayonguruma, mbuzi na kuku. Kimoja kimoja, huku akipewa chakula kidogo. Akirudi nyuma, asivutwe. Asogezwe mbali hadi atulie. Kabla ya chanjo kukamilika abebwe mikononi, asiachwe chini mahali wanapopita mbwa wa kurandaranda.

Kurukia watu kukatazwe akiwa na kilo 10. Akifika 60 hakuna atakayemzuia kwa kamba. Kumpiga hakusaidii, humfunza kuogopa mkono. Mafunzo yaendelee hadi apite miaka miwili, maana akikaribia kukomaa ndipo huanza kujaribu nguvu zake, hata kwa wenyewe. Na hata akiwa mpole namna gani, asiachwe peke yake na mtoto mdogo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwenye mbwa ahifadhi kadi ya chanjo.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Mbwa asiuawe kwa hasira; afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe.