Faida ya Kumpa Mdudu Jina

Huenda msomaji akauliza: Kuna faida gani kumpa mdudu mdogo jina refu la Kilatini? Jibu lake twalipata katika habari za visiwa vya Hawaii.

Mnamo mwaka 1900 ilionekana huko kwamba mdudu mrukaji, mdogo kuliko punje ya mpunga, alikuwa akifyonza utomvu wa miwa. Katika miaka iliyofuata mashamba mengi yalinyauka, na mavuno yakapungua sana. Mdudu huyo hakuwa na jina.

Yapasa tufahamu kwamba kila mnyama hupewa majina mawili, kwa desturi iliyowekwa na Bwana Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi la wale wenye asili moja. La pili ni la aina yenyewe. Mwaka 1903 Bwana G. W. Kirkaldy, Mwingereza, alieleza habari za mdudu huyu. Kama jamaa zake, alikuwa na mwiba wenye kuchezacheza katika mguu wa nyuma. Lakini kipande cha kwanza cha kipapasio chake kilikuwa kipana na bapa. Kwa hiyo aliwekewa jenasi mpya, akaitwa Perkinsiella saccharicida. Jina la kwanza lamheshimu Bwana R. C. L. Perkins, mtaalamu wa wadudu. La pili maana yake ni mwuaji wa miwa.

Ikabainika kwamba kwao ni Queensland, katika Australia, ambako adui zake walimzuia asizidi. Mwaka 1904 Bwana Perkins na Bwana A. Koebele walikwenda huko kuwatafuta adui hao. Waliletwa nyigu wadogo mno wenye kuharibu mayai yake, wakasaidia kwa kiasi. Kisha mwaka 1920 Bwana F. Muir akaleta mdudu mwingine, mwenye kuyafyonza mayai hayo yaliyofichwa ndani ya jani, na mashamba yakapona.

Basi jina si pambo. Adui asiyetambulika hajulikani kwao wala anayemshinda. Nawe ukiona shambani mdudu usiyemfahamu, mtie katika chupa, andika mahali, tarehe na mmea aliokutwa nao, umpelekee afisa wa kilimo.