Tangi la Maji Kwenye Pikapu: Lipangwe Vipi Ili Safari Iwe Salama?

Kiangazi kinapoanza kubana na mabwawa kukauka, wakazi wa maeneo kama Ganze na Magarini hutegemea maji yanayoletwa kwa magari. Malori ya boza hayafiki kila kijiji, na pengo hilo huzibwa na pikapu zilizobeba tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma. Maji hayo ndiyo hupikiwa, ndiyo hunyweshwa mbuzi na ndiyo hujaza mapipa ya shule.

Hata hivyo, pikapu iliyobeba maji ni gari tofauti kabisa na pikapu tupu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hivyo tangi likijaa gari limebeba tani nzima, sawa na mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Madereva wengi huuliza tu kama gari litauweza uzito huo. Kuna swali la pili ambalo ni muhimu vilevile: uzito huo umekaa wapi?

Somo hili linaeleza jinsi ya kupima mahali pa tangi, jinsi ya kurudisha gari nyuma na kulilenga wakati wa kupakia, na jinsi ya kulifunga kabla ya kutia maji.

KWA NINI MAHALI PA TANGI NI MUHIMU

Kila mzigo una kitovu cha uzito, yaani sehemu ambapo uzito wake wote huhesabiwa kuwa umekusanyika. Kwa tangi la mstatili lililojaa maji, kitovu hicho kiko katikati yake. Kanuni ni moja: kitovu cha tangi kikae mbele ya ekseli ya nyuma, kamwe kisiwe nyuma yake.

Kwa mfano, ikiwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na kitovu cha tangi kiko sentimita 30 mbele ya ekseli ya nyuma, kati ya kilo 1,000 za maji, kilo 100 huenda magurudumu ya mbele na 900 hubebwa na yale ya nyuma. Gari hubaki limekanyaga barabara kwa miguu yote minne.

Tangi hilohilo likivutwa hadi kitovu kiwe sentimita 30 nyuma ya ekseli, hesabu hugeuka. Magurudumu ya nyuma hubeba kilo 1,100, na yale ya mbele hupunguziwa kilo 100 za uzito wake wa kawaida. Gari hufanya kama mbea ya watoto: upande mmoja ukishuka, mwingine hunyanyuka. Usukani huwa mwepesi, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa gari linaposimama, hukosa mshiko. Usiku, taa huelekea juu na kuwapiga machoni madereva wanaokuja.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ni sentimita 60 tu. Uzito haukuongezeka hata kilo moja.

Sababu inayofanya tangi livutwe nyuma inajulikana. Koki iko chini ya tangi, na muuzaji hutaka ifike mlangoni ili mitungi ijazwe kwa urahisi. Suluhisho ni mpira mrefu unaofungwa kwenye koki. Mpira ukivutwa nyuma hauharibu kitu, lakini tangi likivutwa nyuma hubadilisha gari zima.

PIMA KABLA YA KUPAKIA

Nchini Marekani, ambako watu hubeba vijumba vya kupigia kambi juu ya pikapu, watengenezaji hutakiwa kueleza uzito wa kijumba na mahali kitovu chake kilipo, ili mwenye gari alinganishe kabla ya kukipakia. Tangi la maji halina maelezo kama hayo, lakini mwenye gari anaweza kuweka alama zake mwenyewe kwa chaki na futi ya kupimia.

Alama ya kwanza ni ya ekseli. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu moja kwa moja, kisha uchore mstari kwenye ukingo wa ndani wa bodi. Kitovu cha tangi kisivuke mstari huo kuelekea nyuma.

Alama ya pili ni ya katikati ya gari. Pima upana wa sehemu ya mizigo, ugawe kwa mbili, kisha uchore mstari kutoka ukuta wa mbele hadi mlango wa nyuma.

Alama ya tatu na ya nne huwekwa kwenye tangi lenyewe: mstari wa katikati ya urefu wake ubavuni, na mstari wa katikati ya upana wake mbele na nyuma. Mistari ya tangi ikilingana na ya gari, kazi ya kulenga imekwisha.

Matangi mengi ya aina hii yana urefu wa takriban mita 1.2 na upana wa mita 1. Pikapu nyingi za tani moja zina nafasi inayozidi mita 1 kwa sentimita chache tu kati ya vifuniko vya magurudumu vilivyochomoza ndani. Kwa hivyo upande mfupi wa tangi ndio unaokaa kukingama gari, na ule mrefu huelekea mbele na nyuma. Likigeuzwa, huenda likapanda juu ya vifuniko hivyo na kukaa likining'inia.

Wenye pikapu za milango minne wawe waangalifu zaidi. Sehemu yake ya mizigo ni fupi, na mara nyingi hata tangi likisukumwa hadi liguse ukuta wa mbele, kitovu chake bado huangukia juu ya ekseli au nyuma yake. Aidha, uzito wa abiria huhesabiwa katika uwezo wa gari. Gari la namna hiyo linafaa tangi dogo zaidi.

Uwezo wa gari kubeba mzigo hupatikana katika stakabadhi zake na kitabu cha mtengenezaji. Tangi tupu lenyewe lina takriban kilo 60. Likijumlishwa na maji, pampu na utingo, gari la uwezo wa kilo 1,000 tayari limezidiwa. Kuongeza springi nyuma hakuongezi uwezo wa breki wala wa ekseli.

KULILENGA TANGI WAKATI WA KUPAKIA

Tangi lipakiwe likiwa tupu, na maji yatiwe baada ya kufungwa. Njia rahisi ni kuliweka juu ya jukwaa imara lenye kimo sawa na sakafu ya pikapu, kisha gari lirudishwe nyuma hadi hapo na tangi lisukumwe ndani. Hatua ni hizi:

1. Uwanja uwe tambarare na mgumu. Gari likiinama upande mmoja, mistari haitalingana.

2. Dereva aanze mbali, angalau mita kadhaa kutoka kwenye jukwaa, ili gari lipate nafasi ya kunyooka. Magurudumu ya mbele yawe yamenyooka kabla ya mita ya mwisho.

3. Awepo mtu mmoja tu wa kuelekeza. Watu watatu wakipiga kelele kwa pamoja, dereva hasikii hata mmoja. Dirisha liwe wazi na redio izimwe.

4. Utingo asimame pembeni, upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo. Kamwe asisimame kati ya gari na jukwaa. Dereva akipoteza sura ya utingo kiooni, asimame papo hapo.

5. Mita ya mwisho gari liende polepole sana. Mstari wa katikati ya gari ukionekana kupishana na wa tangi, dereva asikate usukani kwa nguvu ili kuokoa safari. Aende mbele tena, anyooke, arudi upya. Kurudia mara tatu ni nafuu kuliko kubamiza jukwaa au mkono wa mtu.

6. Gari likifika, hendibreki ivutwe, gia iingizwe, injini izimwe, na mawe au vigingi viwekwe kwenye magurudumu. Hapo ndipo tangi lisukumwe.

7. Tangi lisukumwe hadi liguse ukuta wa mbele. Ikiwa vipimo vinataka liache nafasi, pengo lizibwe kwa mbao imara, kwa sababu gari likifunga breki maji husukuma tangi mbele kwa nguvu.

8. Mistari ikaguliwe. Kwa gari lenye mita 1.5 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, tangi lililojaa likikaa sentimita 5 tu nje ya katikati, upande mmoja hubeba takriban kilo 67 zaidi ya mwingine. Hiyo ni zaidi ya mitungi 3 ya lita 20.

KULIFUNGA NA KUTIA MAJI

Kamba ya katani hulegea, na kizimba cha chuma huikata kikiisugua. Mikanda ya kukazia yenye kifungio cha chuma ni bora. Ifungwe kwenye pembe nne, kila mkanda ukishika ndoana ya gari wala si ukingo wa bati. Baada ya kilomita chache dereva asimame aikaze tena, kwa kuwa mtikisiko wa barabara ya changarawe huilegeza.

Maji yanapotiwa, mtu aangalie kimo cha gari nyuma na mbele. Nyuma kushuka kidogo ni kawaida. Lakini sehemu ya mbele ikianza kunyanyuka, hiyo ni ishara kwamba tangi limekaa nyuma mno. Maji yafungwe, yapunguzwe, na tangi lisogezwe. Matairi nayo yajazwe upepo wa kiwango cha gari lenye mzigo.

Tangi linalobeba maji ya kunywa lisiwe limewahi kubeba kemikali, hata likioshwa.

HATARI YA TANGI LA NUSU

Wengine hudhani kwamba tangi likijazwa nusu gari huwa salama zaidi. Uzito hupungua kweli, lakini maji hupata nafasi ya kukimbia. Kwenye kona hukimbilia upande wa nje na kulisukuma gari kulekule linakotaka kuangukia. Gari likifunga breki, huja mbele kama wimbi, kisha hurudi nyuma. Matangi haya hayana kuta za ndani za kuyazuia.

Kwa hivyo, anayebeba lita 500 kila siku atafute tangi la lita 500 alijaze, badala ya kubeba tangi la lita 1,000 likiwa nusu. Anayeuza maji kituo baada ya kituo apunguze mwendo kadiri tangi linavyopungua, hasa kwenye kona na miteremko. Utingo akae ndani ya gari. Juu ya tangi si kiti, hata kwa safari ya kilomita moja.

JIPIME

Swali: Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3, na kitovu cha tangi la lita 1,000 kiko sentimita 15 nyuma ya ekseli ya nyuma. Magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo ngapi?
Jibu: Gawanya 0.15 kwa 3, kisha zidisha kwa 1,000. Ni kilo 50. Tangi lisogezwe mbele.

Swali: Dereva amebakisha nusu mita kufikia jukwaa na anaona mistari imepishana. Afanye nini?
Jibu: Aende mbele, anyooshe gari, kisha arudi upya.

Swali: Koki haifiki mlangoni tangi likiwa mahali pake. Tangi livutwe nyuma?
Jibu: La. Mpira uongezwe urefu.

Wakazi wanaonunua maji nao wana sehemu yao. Anayeona pikapu imefika kijijini pua ikiwa juu na tangi likiwa mlangoni amwambie dereva bila kumwonea haya. Maji ni ya lazima kila siku, na dereva yuleyule anahitajika kesho. Ajali ikitokea, polisi hupatikana kwa nambari 999 au 112.