Usingoje Damu: Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi kwa Mama Zetu



Ndugu zangu katika imani, kwetu Burgao, kama ilivyo visiwani kwa Wabajuni na pwani yote hadi Lamu, msichana hufundishwa mambo ya hedhi mapema. Hujua kuhesabu siku zake, hujua josho, hujua tofauti ya hedhi na istihadha. Elimu hii ni hazina, lakini mara nyingi huishia kwenye swala. Mwanamke akishajua kwamba istihadha haimzuii kuswali wala kufunga, hujisitiri kwa kitambaa, hutawadha na kuendelea na kazi zake. Swali la kwa nini damu inatoka haliulizwi.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akimweleza kuwa damu haimkatiki. Mtume alimfundisha namna ya kuswali, na pia akambainishia kuwa damu ile ni ya mshipa, si hedhi. Jibu lilikuwa na pande mbili, ibada na mwili. Upande wa ibada tumeushika vizuri. Somo hili ni la upande wa pili.

Ugonjwa wenyewe

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, pale unapokutana na uke. Karibu saratani zote za hapo husababishwa na kirusi cha HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70. Kwa wanawake wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, na seli hubadilika polepole. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani; kwa mwenye kinga dhaifu yaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa ugonjwa huu, wengi mno wakiwa katika nchi kama zetu.

Katika miaka hiyo yote mwanamke haumwi. Damu baada ya tendo la ndoa, damu kati ya hedhi na hedhi, au damu baada ya hedhi kukoma kabisa, mara nyingi huja ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Mwenye dalili hizi asingoje, aende hospitali. Uchunguzi ninaouzungumzia ni wa mwanamke mzima asiye na dalili yoyote, kwa kuwa seli zilizobadilika zikionekana mapema hutibiwa kabla hazijawa saratani.

Unavyofanywa

Njia moja ni ya siki. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Haihitaji maabara, majibu hutoka hapo hapo, na mara nyingi matibabu ya kugandisha au kuunguza sehemu hiyo huweza kufanywa siku ile ile. Njia nyingine ni kupima kirusi chenyewe, na hapo mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti laini chenye pamba. Kwa mwanamke wa Burgao, ambaye kufika Kismayo ni safari inayotaka nauli na ruhusa, njia hizi mbili ndizo za kuombea zifike kwetu.

Shirika hilo linashauri uchunguzi uanze miaka 30, na miaka 25 kwa mwenye virusi vya UKIMWI. Kwa wasichana wadogo kinga ni chanjo: Tanzania iliianza mwaka 2018, Kenya mwaka 2019.

Haya na dhana

Nimesikia hoja mbili. Ya kwanza ni haya. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na wanazuoni wameruhusu kufunua uchi kwa ajili ya tiba kwa kiasi cha haja, huku mwanamke akitangulizwa kumtibu mwanamke. Muulize muuguzi wa kike. Kazi hii anaiweza.

Ya pili ni nzito zaidi: "Watasema mke wangu kazini." Kirusi hiki huenezwa kwa kujamiiana, kweli, lakini huweza kukaa kimya miaka mingi. Mke aliyejihifadhi huweza kukipata kwa mumewe, na mume huweza kuwa alikipata katika ndoa ya halali iliyotangulia. Sheria yetu inataka mashahidi wanne. Majibu ya maabara si shahidi hata mmoja.

La kufanya likizo hii

Dada zangu, wengi wetu hatujafikia umri wa uchunguzi, lakini mama, shangazi na mama wadogo wameufikia. Mkikaa nao jikoni, waulizeni kama wamewahi kupimwa, na mmoja aliye tayari afuatane na wewe. Anayefundisha darsa la hedhi aongeze sentensi moja: damu isiyo ya hedhi isiyokatika ipelekwe kwa muuguzi. Kaka zangu, ruhusa na nauli viko mikononi mwenu. Toeni kabla hamjaombwa.

Mwenyezi Mungu awape mama zetu afya, na awaponye walio wagonjwa. Wabillahi tawfiq.