Dondoo muhimu: Kutoka lugha kongwe hadi madirisha na vitufe

Mwanaprogramu aliyebobea katika COBOL, lugha iliyobuniwa mwaka 1959, au Pascal ya mwaka 1970, anapojifunza zana za kiolesura cha michoro, yaani maktaba za kuundia madirisha, vitufe na visanduku vya maandishi, hahitaji kuanza upya bali kubadili mtazamo.

• Aelewe matukio. Programu ya zamani mara nyingi humwuliza mtumiaji swali baada ya swali, ilhali yenye madirisha husubiri tukio, kama vile kubofywa kwa kitufe, ndipo iitikie.

• Aanzie anapopajua. Lazarus, zana ya kuundia programu kwa Pascal, humwezesha mjuzi wa lugha hiyo kuchora fomu bila kuiacha.

• Atenganishe hesabu na sura. Kanuni ya kukokotoa malipo ya mkulima wa chai wa wilaya ya Rungwe, Tanzania, kwa kilo za majani mabichi ikae mbali na msimbo wa dirisha, ili iweze kupimwa peke yake.

• Aunde kitu kidogo chenye manufaa. Fomu ya kupokelea chai mjini Tukuyu, wilayani humo, yenye jina la mkulima, kilo na kitufe cha “Hifadhi”, yatosha kuwa somo la kwanza.

Uzoefu wa miaka mingi ni mtaji, nao usitupwe kwa sababu ya sura mpya ya skrini.