Karani mchana, DJ usiku: Dubai inaruhusu?

Swali: Msomaji kutoka Mombasa, karani wa ghala mtaa wa Deira, anauliza kama anaweza kupiga muziki wikendi bila kuhatarisha ajira yake.

Jibu: Anaweza, mradi vibali vitangulie. Sheria ya Kazi namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua kazi ya muda, lakini mwajiri wa pili lazima apate kibali cha wizara ya kazi. Ukumbi nao humwombea msanii kibali kutoka Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai.

Njia ya mkato ni ghali. Tangu 2024, anayemtumia mgeni asiye na kibali hutozwa faini ya kuanzia dirham 100,000 hadi milioni 1, na mgeni mwenyewe anaweza kurudishwa kwao.

Mwajiri wa mchana naye ajulishwe mapema, kwani hata wakubwa husemwa kwa muziki wa pembeni. David Solomon, mkuu wa benki ya Goldman Sachs, alipiga muziki hadi kwenye tamasha la Lollapalooza, Chicago, mwaka 2022. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba ameachana na majukwaa makubwa, baada ya maneno kuwa mengi.

Halafu kuna mwili. Wikendi ya Dubai ni Jumamosi na Jumapili, hivyo Ijumaa usiku inafaa kuliko Jumapili. Na masikio je? Wataalamu wa usalama kazini Marekani wanashauri dakika 15 tu kwenye sauti ya desibeli 100, kwa hiyo vizibo vya masikio vinunuliwe kabla ya spika.